Gitaa Kimeo Kule Msimbati: Litengenezwe au Liwe Kuni?

Msomaji wangu, kama bado unadhani safari ya Mtwara ni ile ya zamani, ya kulala njiani na kusukuma basi kwenye tope, umepitwa na wakati. Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, lami nayo ikafuata. Siku hizi unapanda basi Dar alfajiri, unamaliza kilomita zaidi ya 550, na jioni uko Shangani unatafuna pweza.

Safari hii lakini sikufuata pweza. Nilifuata gitaa bovu.

Mshikaji wangu mmoja, jina namhifadhia, ni mtoto wa Msimbati. Mjomba wake alifariki akamwachia galatoni. Sasa kama hujui mambo ya kusini nikudokeze: kwa mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kitu cha mjomba kikishafika mikononi mwako hukitupi jalalani kama chupa ya soda.

Kasheshe ilikuwa kwenye mshiko. Korosho zilikuwa zimelipa na jamaa alikuwa na laki mbili kibindoni. Moyo ulimtuma aagize gitaa jipya Dar, maana harusi zilikuwa zinamwita. Mama yake naye alikuwa anaangalia paa linalovuja, na mvua za kusini zikianza mwezi wa kumi na moja zinakwenda mpaka mwezi wa nne. Dada mtu alikuwa ameshatoa hukumu: hilo dude ni la kuchemshia chai.

Kutoka Mtwara mjini mpaka Msimbati ni kama kilomita 45, mikorosho huku, minazi kule. Ukifika unaikuta bahari ya bluu, mchanga mweupe, na mikoko ikielekea kule Ruvuma inakomwaga maji. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Gesi nayo inachimbwa papa hapa, ile iliyolazwa bomba hadi Dar likakamilika mwaka 2015. Pazuri mno! Ila kwa gitaa, Msimbati ni adui. Hewa ya chumvi inakula nyuzi. Masika mbao zinavimba, kusi likivuma zinasinyaa, na gundi ya zamani inachoka.

Basi galatoni lenyewe likatolewa. We acha tu! Ubao wa mbele umepasuka toka kwenye tundu mpaka kwenye daraja. Daraja limenyanyuka. Nyuzi zimebaki tatu, na moja kati yao ni waya wa breki ya baiskeli. Kibandiko cha ndani kimeliwa na mende, huwezi kujua limetengenezwa wapi.

Na hilo jina galatoni si la kubuni. Limetoka kwenye Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Wazee wetu wakaliita hivyo kila gitaa kavu, kama mtu anayeita kila dawa ya meno Colgate. John Lennon wa Beatles mwenyewe alianza na Gallotone la bei chee, na mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Usije ukakimbilia kuchungulia uvungu wa kitanda cha babu! Waliotoa zile pauni walinunua jina la Lennon. La mjomba halina jina hilo, kwa hiyo hesabu yake ilibidi ifanywe kwa mbao.

Mshauri wetu tulimpata ufukweni, mzee mmoja fundi wa mashua aliyekuwa anakalafati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnataka chombo?"

"Hapana, babu. Tuna gitaa."

Akacheka, akajifuta mikono, akalipokea. "Mashua ikiletwa hapa siangalii kwanza ubao uliopasuka. Naangalia mkuku. Mkuku ukiwa mzima, ubao nabadilisha. Mkuku ukienda, namwambia mwenyewe akapasue kuni."

Msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Mkuku wa gitaa ni shingo. Mzee akafumba jicho moja, akaliangalia gitaa kutoka kichwani kuelekea tumboni, kama anavyokagua ubao. Shingo imenyooka! Akaitikisa pale inapoungana na kasha. Haikucheza.

Hiyo ndiyo hesabu kubwa. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu kama ya kilo 70 hivi, mchana na usiku. Shingo iliyopinda au iliyong'oka kwenye kiungo inataka fundi wa magitaa hasa, na kwa gitaa la bei ndogo, malipo yake yanaweza kuzidi bei ya jipya. Ufa wa ubao unatisha macho tu, lakini mara nyingi unazibika.

Tukaendelea kukagua. Kipande cha karatasi kikapenya chini ya daraja bila shida: gundi imeachia. Tukagonga kasha kwa kidole, likalia kama lina nyuki ndani: kibao kimoja cha ndani kimelegea. Mzee akasema hayo ni mataruma, yakilegea yanabanwa tena. Tulipomuuliza kama anaweza kuukalafati ule ufa akakataa katakata. "Pamba na mafuta ni ya chombo. Hiki kinataka kulia."

Tukarudi mjini kutafuta seremala. Wa kwanza akataka kumimina supa gluu, dakika tano mmemaliza. Tukala kona. Gundi ile inaganda papo hapo, na siku ukitaka kubandua ili urekebishe unabandua na ubao wake. Wa pili alikuwa na subira. Alibandua daraja, akakwangua gundi ya zamani yote, akapaka gundi ya mbao, akakaza kwa mipira ya tyubu za baiskeli. Ufa akauunga, na kwa ndani akabandika vijiti vyembamba kuukatiza. Akaliacha siku nzima na usiku wake.

Kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi kilikuwa kimevunjika. Seremala akaenda kwa mchonga vinyago, akarudi na kibaki cha mpingo. Hapo Mtwara ilinikosha! Mpingo ndio mti ambao viwanda vya Ulaya vinatengenezea klarineti. Unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi kukua mpaka kufaa kuvunwa, na tangu 2017 biashara yake ya nje ya nchi inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa. Sisi kibaki kile tulipewa bure.

Bili yote ilikuwa elfu arobaini, pamoja na nyuzi. Zilizobaki zikaenda kwenye bati za mama.

Nisikuzuge, gitaa halikuwa jipya. Vifunguo viwili vinateleza, na ukipanda juu ya shingo nyuzi ziko mbali na kidole. La kupigia ukumbini si hilo. Kwa wimbo wa barazani linatosha sana, na yule dada wa kuchemsha chai sasa ndiye wa kwanza kuagiza nyimbo.

Kwa hiyo wewe mwenye gitaa kimeo chini ya kitanda, usianze na bei wala huruma. Anza na shingo. Ikiwa imenyooka na kiungo hakichezi, tafuta seremala mwenye subira na umkataze supa gluu. Ikiwa imepinda, linunulie msumari ulitundike ukutani, marehemu hatakulaumu. Na kama lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni usilifunge za chuma, maana mvuto wa nailoni ni karibu nusu tu, na hapo utakuwa umelivunja mwenyewe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.