Vikuza-sauti Vitatu na Sauti ya Baba

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Mwaka jana nilichagua jembe kwa muda wa miezi mitatu, wala sikulima. Jembe lenyewe lilikuwa kile chombo ambacho wauza redio wa Luthuli Avenue, Nairobi, hukiita amplifaya. Hapa nitakiita kikuza-sauti, kwa kuwa kipaza-sauti tayari kina kazi yake mkononi mwa mhubiri.

Marehemu baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi huko Kajiado. Alituachia kanda 11 za kaseti ambamo anaghani mashairi aliyowatungia wanafunzi wake, na ughani huo ndio kiini cha sura moja ya tasnifu yangu. Katika chumba changu cha kupanga mjini Kitengela nilikuwa na deki ya kaseti na spika mbili za mtumba. Hata hivyo, umeme unaotoka katika deki ni hafifu mno, hauwezi kuitikisa spika. Panahitajika chombo cha kuukuza.

Aina zilizonitatiza zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya valvu, uvumbuzi uliotokana na kazi ya Lee de Forest mwaka wa 1906: vioo vyenye nyuzi ambazo sharti ziwake daima, sauti iwepo isiwepo. Valvu huitia sauti chumvi yake, nayo ni chumvi ambayo sikio huipenda. Ya pili ni ya transista za daraja AB, ambazo hufanya kazi mithili ya washairi wa majibizano: mmoja hubeba nusu ya juu ya wimbi, mwenziwe nusu ya chini. Ya tatu ni ya daraja D. Wengi hudhani herufi hiyo ina maana ya dijitali, kumbe ni herufi tu iliyofuata C. Kikuza-sauti hiki huikatakata sauti kuwa midundo maelfu kwa maelfu kila sekunde, kisha huiunga tena. Hupoteza umeme kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 10 kikifanya kazi kwa nguvu.

Jirani yangu, fundi wa redio, aliniazima kikuza-sauti chake cha valvu kwa siku mbili. Waama, nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: pumzi anayoivuta baba baina ya ukwapi na utao na, katika kanda ya nne, sauti ya mwanamke kwa mbali ikiuliza, "Mbuzi wote wameingia?" Alikuwa mama, enzi za ujana wake. Papo hapo nikaazimia kwamba akiba yangu yote ingenunua valvu.

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu, nikapita Isinya hadi Kajiado. Nyumbani kwetu ni nje ya mji, na nyaya za umeme hazijafika. Tuna paneli ya sola na betri ya volti 12. Nilimsimulia mama niliyoyasikia. Akanyamaza kitambo.

"Mwalimu alinijibu?" aliuliza hatimaye. Hajawahi kumwita baba kwa jina.

"Njoo Kitengela usikie mwenyewe, mama."

"Na mbuzi nimwachie nani, mwanangu?"

Usiku huo nilipiga hesabu. Betri yetu ni ya Ah 50, yaani takriban wati-saa 600 ikijaa, na si busara kutumia zaidi ya nusu yake. Kikuza-sauti cha valvu kinachokula wati 100 kingeimaliza nusu hiyo kwa saa tatu, mbali na taa. Kile kidogo cha daraja D hupokea volti 12 moja kwa moja na kwa volti hizo hutoa takriban wati 9 kwa spika ya omu 8. Kwa sebule yetu hizo zinatosha.

Nilimkumbuka Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri. Gramafoni za kuzungushwa kwa mkono zilikwaruza, lakini sauti yake iliwafikia watu wake.

Basi nilinunua cha daraja D, nikazinakili kanda katika simu, nikazipeleka spika Kajiado. Sitadai kwamba sikupoteza kitu. Pumzi ile ya baina ya ukwapi na utao imefifia katika mvumo mdogo wa mashine, nami sasa naisaka kwa spika za masikioni nikiwa Kitengela.

Jioni ya kwanza mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kanda ya nne ilipofika, swali lake likasikika, hafifu. Baba akaendelea kughani.

"Hata siku hiyo hakunijibu," mama alisema, akacheka, akaniomba nirudishe nyuma.