Mikono Mgongoni

Msaada hupimwa siku msaidizi anaposafiri. Akiwa jirani, kila jambo huenda: fomu zinajazwa, salio linaangaliwa, barua inachapwa na kutumwa. Akishapanda basi, ndipo unapojua kama ulisaidiwa au ulibebwa tu. Hilo nimefundishwa na kompyuta, chombo nilichokianza nikiwa tayari na mvi, nikishikwa mkono na binti yangu, mke wangu na mwalimu mwenzangu mmoja hapa Murukulazo, wilayani Ngara. Kadiri ninavyolitafakari, naona halihusu kompyuta peke yake.

Sisi wa Ngara msaada tunaujua. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda. Pale Benaco, wilayani kwetu, pakageuka mji wa maturubai ndani ya siku chache. Mashirika yakaja na malori, majenereta, redio za upepo na kompyuta. Wengi wa rika langu tuliiona kompyuta huko kwa mara ya kwanza, tena kwa kuchungulia tu. Vijana wetu waliopata vibarua vya ukarani walisogea karibu zaidi. Wapo walioambiwa, "Wewe soma orodha, mimi naandika." Wapo pia waliopewa kiti wakaambiwa waandike wenyewe, kwa herufi moja moja, huku foleni ikisubiri nje.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na mashirika mengi yakaanza kufunga mizigo. Kompyuta zilipakiwa kwenye malori pamoja na majenereta yake. Aliyekuwa akisoma orodha alibaki na kumbukumbu ya mshahara. Aliyepewa kiti alibaki na ufundi. Kwa taasisi nako ni vivyo hivyo: Radio Kwizera ilianzishwa na Wajesuti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, lakini kambi zilipofungwa yenyewe haikufungwa. Ilikuwa imeshapata watu wa kuiendesha na wasikilizaji wa kuidai.

Hata nchi nzima imewahi kupitia mtihani huo. Serikali yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza katikati ya miaka ya 1960, kwa ajili ya Wizara ya Fedha. Wazalendo walioielewa walikuwa wachache mno, hesabu zikavurugika, na mwishowe makarani wakarudi kwenye vitabu vyao vya mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Wengine huucheka uamuzi ule. Mimi siucheki sana, maana najua hasira ya mtu anayemiliki kitu ambacho hawezi kukitumia mpaka mwingine aitwe.

Kilichonisukuma mimi kujifunza kilikuwa mtihani wa darasani. Mwalimu wa shule ya msingi huandika maswali kwa kalamu, kisha huyapeleka steshenari yakachapwe na kutolewa kopi. Unalipa kwa ukurasa, unarudi na bahasha yako, unaamini siri imetunzwa. Kumbe mtihani wenyewe umebaki ndani ya kompyuta ya steshenari, na kijana aliyeuchapa ana mdogo wake darasa la saba. Sisemi waliiba. Nasema nilikuwa natunga siri kisha naikabidhi kwa mtu mwingine, na nikiulizwa inalindwaje, sina jibu.

Binti yangu aliporudi likizo na laptopu yake, nikamwomba anifundishe. "Shikamoo, baba," akasema huku akicheka, "leo mimi ndiye mwalimu." Ana upendo mwingi na subira kidogo. Nikikawia kuutafuta mshale kwenye kioo, mkono wake ulishafika: "Ngoja baba, nipe mimi." Kufumba na kufumbua kazi imekwisha, safi kabisa, tena imepangwa vizuri. Tunapongezana, tunaenda kula. Kesho yake nikikaa mbele ya mashine ileile najiona mgeni.

Mke wangu ndiye aliyelitamka swali lenyewe. Alikuwa akituangalia huku anachambua maharage, akauliza tu: "Na huyu akirudi chuo, itakuwaje?"

Mwalimu mwenzangu alikuwa na njia nyingine. Alinikalisha kwenye kiti, yeye akasimama nyuma yangu, akafunga mikono mgongoni. Alikuwa amejiwekea sheria: hagusi kitu. Mara ya kwanza kuambiwa nibonyeze mara mbili nilibonyeza taratibu, na hakuna kilichofunguka. "Bisha hodi, mwalimu," akasema. "Mbili za haraka, kisha subiri mwenye nyumba." Faili likafunguka.

Siku ile nilikuwa nachapa mtihani wa Kiswahili wa darasa la tatu. Nikafika kwenye neno ng'ombe nikakwama. Ile alama ya juu iko wapi? Niliitafuta kibodi nzima, kuanzia kushoto hadi kulia. Nilimsikia mwenzangu akihema nyuma yangu, nikajua anaiona, nikajua vidole vinamwasha. Hakusogea. Nilipoipata, upande wa kulia karibu na kitufe kikubwa cha kushukia mstari, nikawa nimeipata kabisa. Mpaka leo kidole hukimbilia pale chenyewe.

Nilipoinua macho, ukurasa mzima ulikuwa umepigiwa mistari myekundu. Mimi niliyesahihisha madaftari ya watoto kwa wino mwekundu miaka yote, leo nasahihishwa kila neno, hata jina la kijiji! Mwenzangu akaniuliza, "Unadhani inasema nini?" Hakuniambia, aliniuliza. Tukazungumza mpaka nikang'amua kwamba mashine ilikuwa imepangwa kukagua Kiingereza, na kila neno la Kiswahili kwake lilikuwa kosa. Tulizima ukaguzi ule, wino ukafutika wote kwa mkupuo. Hapo ndipo aliponisimulia kuhusu Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden. Ilikuwa ya bure, kila mtu aliruhusiwa kuichukua na kumgawia jirani. Nilipenda kusikia kwamba kuna watu walikaa wakatafuta jinsi ya kumwekea Mswahili kiti mezani badala ya kumchapia barua.

Nilichojifunza kwanza, basi, ni kwamba anayekufundisha lazima akubali kukuona unahangaika. Hilo ni gumu kwa anayekupenda. Mtoto hataki kumwona baba yake anatafuta herufi kama mtoto wa chekechea, kwa hiyo humnyang'anya kazi kwa heshima. Na mzee naye hataki kuonekana, kwa hiyo huikabidhi kazi kwa heshima. Wote wawili wanabaki na heshima zao, na ujinga unabaki palepale. Pengine ndiyo maana rafiki wa rika moja hufundisha vizuri kuliko mwana: mbele yake huna cheo cha kulinda.

La pili nililipata kwa mke wangu. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, na aliposikia kompyuta hujumlisha yenyewe hakufurahi, alitia shaka. Tukamtengenezea jedwali: majina upande mmoja, hisa na marejesho upande mwingine, jumla chini. Akajaza. Kisha akachukua daftari lake, akajumlisha zote upya kwa mkono, akalinganisha. Binti yetu alimcheka. Mwezi mmoja hesabu zikakataa kulingana. Mashine ilitoa jumla ndogo kuliko daftari. Walitafuta jioni nzima wakakuta kwenye rejesho moja sifuri zimechapwa kwa herufi O. Kwa macho ya mtu huoni tofauti. Kwa mashine, hiyo haikuwa namba tena bali neno, na neno halijumlishwi. Ililiruka bila kulalamika. Lau si daftari, mwanachama mmoja angeonekana hajalipa deni alilolipa mbele ya watu.

Tangu hapo nimeacha kuona shaka ya watu wazima kuwa ni ushamba. Anayejua kazi kabla ya mashine huja na kipimo chake, na kijana anayemfundisha ana haki ya kujifunza kipimo hicho pia. Binti yetu siku hizi huhakiki jumla kwanza ndipo afunge faili. Mama naye alifundisha, ingawa alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

La tatu ni la siri, na hili nalisema kwa uzito. Siku hizi maisha yetu yamehamia kwenye mifumo. Mtoto akimaliza kidato cha sita anaomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni. Ajira za Serikali zinaombwa mtandaoni. Sisi watumishi, tangu mfumo wa kidijitali wa PEPMIS uchukue nafasi ya fomu za OPRAS, utendaji wetu wa kazi hujazwa na kupimwa humo. Asiyejua kuingia huandika neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi na kumpa anayejua. Nimeona vijana waliofunguliwa baruapepe na mhudumu wa steshenari, kwa namba ya simu ya mhudumu na neno la siri ambalo mhudumu huwawekea wateja wote. Mwaka unaofuata kijana anataka kurekebisha maombi yake, mhudumu ameshahama, namba imefungwa, na akaunti yenye jina la kijana haimfahamu kijana. Hakuna aliyekusudia ubaya. Foleni ilikuwa ndefu, njia ya mkato ikaonekana huruma.

Anayekufanyia kila kitu hujua kila kitu chako. Akiwa mwema, umepata bahati. Lakini mtu hawezi kupanga uzee wake kwa bahati.

Sasa kuna watu wanaokuja kwangu, na hapo ndipo nilipoonja ugumu wa upande wa pili. Kusimama nyuma ya mtu na kufunga mikono ni kazi nzito kuliko kuchapa. Bando linaisha, betri ya sola inashuka, na huyu anatafuta herufi M kwa dakika nzima. Huku kwetu mpakani nako kuna vituko vyake: simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, saa hurudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu. Usiku mmoja mzazi alinijia na fomu ya mwanawe ambayo dirisha lake lilikuwa likifungwa saa 6 usiku. Simu yake ilimwambia ni saa 4 kasoro, akawa na utulivu mkubwa. Kumbe kwa saa za Dar es Salaam ilikuwa saa 5 kasoro. Sikumpa somo usiku ule. Nilikaa kwenye kiti mwenyewe, nikamjazia, tukatuma.

Kwa hiyo sitaki mtu anielewe vibaya. Kumfanyia mtu si dhambi. Mgonjwa hafundishwi kujipikia uji, na mwenye haraka hafundishwi kuogelea mtoni. Cha muhimu ni kujua leo unatoa msaada gani, na kutouita msaada wa kumfanyia mtu kwa jina la kumfundisha. Yule mzazi nilimwambia arudi Jumamosi na mwanawe. Walirudi, wakakaa wao kwenye kiti, wakafungua akaunti ileile, wakabadilisha neno la siri nililokuwa nimewawekea. Nikageuka nikatazama dirishani walipokuwa wakiliandika, maana hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Mambo yanaelekea kuwa mepesi. Nguzo za umeme zimesogea vijijini, na maporomoko ya Rusumo yenyewe sasa yanazalisha umeme, megawati 80 za kugawana Tanzania, Rwanda na Burundi. Vifaa vitakuja. Mashaka yangu hayako kwenye vifaa. Kompyuta zilikuwapo Benaco, na ilikuwapo moja Wizara ya Fedha tangu miaka ya 1960. Swali ni nani atakaa kwenye kiti.

Ninyi vijana mnaorudi nyumbani mwezi Desemba, sukari na mchele tunavishukuru, na hiyo simu mpya mliyomletea mama ni nzuri. Msimpangilie yote usiku mmoja mkaondoka. Mwachieni aipange mwenyewe nanyi mkiwa nyuma yake, akosee, anune, arudie. Na akikuambia, "Nifanyie tu mwanangu, mimi nimeshazeeka," mfanyie hiyo moja. Ya pili mpe kiti.