Dodoma Kabla ya Jiji

Mpwa wangu, kijana aliyehitimu chuo na kuajiriwa katika mojawapo ya wizara zilizohamia huku, aliniamkia juzi kwa adabu zote, kisha akasema, "Hivi, mjomba, kabla Serikali haijahamia, watu wa hapa walikuwa wakiishi kwa nini?" Swali hilo lilinikera kuliko tusi, kwa sababu aliuliza bila ya inda yoyote, ilhali mama yake amezaliwa na kulelewa papa hapa Makole.

Ama nchi hii ya Ugogo, ambayo hapa mjini imeinuka mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, haikujaliwa mvua nyingi: wastani hauvuki sana milimita 600 kwa mwaka, nazo hunyesha baina ya Desemba na Aprili, kisha huja kiangazi kirefu cha upepo na vumbi jekundu. Mtama na uwele ndizo nafaka zilizostahimili, na ng'ombe ndio waliokuwa akiba ya mtu. Reli ya Wajerumani ilipofika, mnamo 1910, akiba hiyo ikapata soko, na soko likazaa mji.

Mimi, hata hivyo, uchumi wa mji huu sikuusoma, niliunusa. Mtaa wa Uhindini palikuwa na tajiri mmoja ambaye mbele ya duka aliuza kanga, vibiriti na mafuta ya taa, na uani akanunua kila kilichotoka vijijini: ngozi, nta, asali, karanga na nyonyo. Harufu ya ua ule ilikuwa na tabaka zake: kwanza ngozi zilizotiwa chumvi, kali kiasi cha kutoza machozi, nyuma yake nta, yenye utamu na moshi wa mizinga, na chini kabisa mafuta ya karanga, yaliyokwisha kupenya magunia na hata ubao wa mizani. Tajiri alikisema Kigogo barabara, akiwalaki wateja kwa "mbukwa" kabla hawajatua mizigo. Namkumbuka mzee wa mgolole kutoka Mvumi, ambaye kila tajiri aliposogeza jiwe la mizani alilirudisha kwa ncha ya fimbo yake pasina kutamka neno, hata wakatazamana, wakacheka wote wawili, na ngozi zikapimwa upya. Kijana anayedhani hapa palikuwa pori tupu angesimama ua ule robo saa.

Zabibu, ambazo mapadri wa Bihawana walizianzisha katika miaka ya 1950, nasi tukaziuza dirishani mwa treni, zilikuwa fahari yetu, maadamu ardhi hii kavu huzizalisha mara mbili kwa mwaka. Mgeni aliyetaka kutazama alipelekwa kwenye Jabali la Simba. Aliyetaka kusikiliza alitafutiwa ngoma ya muheme, au zeze, ambalo mwanamuziki wetu, marehemu Hukwe Zawose, alilifikisha ng'ambo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) iliundwa 1973, ikapima viwanja na kutugombeza kwa vibanda vyetu, ikavunjwa 2017. Chuo Kikuu kilifunguliwa 2007. Na tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikapandishwa kuwa Jiji. Tarehe nimezihakiki, nami naziacha kwa wenye kuzihitaji. Lami imeongezeka, sikatai, na kodi za nyumba zimeongezeka kuliko lami. Na aghalabu mtu hutembea kutwa nzima mjini asikutane na ajuaye kuitikia "mbukwa".

Lililonishinda kabisa ni kwamba kijana wangu, baada ya kuuliza lile swali lake, alifungua boksi la maji ya zabibu yaliyotoka ng'ambo, ilhali wakulima wa Hombolo na Mpunguzi hulalamika misimu mingine kwamba wanunuzi hawaonekani na matunda yanaozea mizabibuni. Nimemwambia Jumamosi tutakwenda Hombolo tukanunue kwa mkulima mwenyewe. Gari ni lake, na petroli pia.