Marehemu Hakuwahi Kufika Mgeta

Unatangazwa msiba wa Ruzuku ya Uhuru wa Intaneti, mkazi wa Washington, Marekani, uliotokea Ijumaa tarehe 14 Machi 2025. Habari ziwafikie wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, madalali wa kabichi wa Nyandira, mafundi simu wa Msamvu, na wote waliowahi kuwasha VPN bila kujiuliza nani analipa. Mazishi hayajapangwa, kwa sababu waliotia saini cheti cha kifo na mahakama hawajakubaliana kama kweli amekata roho.

Wafiwa wengi hawakumjua hata kwa jina. Walijua kazi yake tu. Oktoba 2020, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, Twitter iligoma kufunguka na WhatsApp ikaanza kusuasua. Hapa Morogoro, mji kasoro bahari, mtu mwenye faili la VPN, programu ya kuzunguka kizuizi, kwenye simu akageuka mtu wa maana ghafla: watu wanamzunguka kibandani, anawarushia kwa Xender mmoja baada ya mwingine. Unaifungua, unagusa kitufe, kiduara kinazunguka weee mpaka unakata tamaa, halafu kialama cha ufunguo kinatokea juu ya kioo pembeni mwa betri. Kuanzia hapo simu yako inahesabika iko Uholanzi. Matangazo ya biashara yanakuja kwa Kiholanzi, mtu yuko Kihonda anauziwa baiskeli za Amsterdam. Bando linakatika upesi, simu inapata moto, na programu ya benki inakataa kukufungulia kwa kudhani wewe ni mwizi uliyeiba simu ukakimbilia Ulaya. Lakini meseji zinaingia.

Kule juu milimani mambo yalikuwa magumu zaidi, maana ukiacha mji na minara ya kilele cha Bondwa, ukiingia mabonde ya Mgeta, mtandao una mahali pake: kwenye tuta fulani, au kona fulani ya barabara. Dalali anapanda hadi hapo kuuliza bei ya leo Dar, anatuma picha ya mzigo ili mnunuzi asije akamgeuka. Siku ile shughuli yake haikuwa siasa, alikuwa na viroba vya njegere vinavyosubiri lori. Wanaofunga mitandao wanapenda kueleza kwamba wanawazuia wachochezi. Wachochezi huwa na VPN tatu na laini ya nje. Anayezuiwa hasa ni mwenye njegere.

Sasa, ukipita Uholanzi bure, umepita kwenye kompyuta iliyokodishwa, na kodi yake kuna mtu ameilipa. Kwa programu kadhaa kubwa, Psiphon ikiwemo, sehemu ya kodi hiyo ilitoka mfukoni mwa marehemu.

Alitambulishwa hadharani tarehe 21 Januari 2010, Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, alipohutubia Washington kuhusu uhuru wa intaneti, siku chache baada ya Google kutangaza kwamba imedukuliwa kutoka China. Ukoo wenyewe ni wa zamani zaidi. Tor, mtandao unaoficha nyayo za mtumiaji kwa kumpitisha kwenye vituo vitatu, wazo lake lilianzia katika maabara ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990. Psiphon ilizaliwa Chuo Kikuu cha Toronto, ikazinduliwa 2006. Mwaka 2012 ndani ya redio ya Kimarekani iliyokuwa ikitangaza kwa watu wa Asia kukaanzishwa mfuko, Open Technology Fund, ambao 2019 ulitoka na kujitegemea kama shirika, ingawa fedha ziliendelea kutoka serikalini. Mfuko huo ndio uliowasaidia watengenezaji wa programu ya meseji ya Signal walipokuwa watu wachache wasio na kitu, na ufundi wao wa kufunga ujumbe ndio WhatsApp iliouchukua na kuukamilisha kwa watumiaji wake wote Aprili 2016. Kwa hiyo hata asiyewahi kuwasha VPN maishani, akimwandikia shemeji yake Kinole habari za mahari, meseji ile inasafiri imefungwa kwa kufuli ambalo marehemu alilichangia.

Msibani si desturi kutaja madeni ya marehemu kabla ya kaburi kufukiwa, lakini hili lilijulikana mtaani. Juni 2013 Edward Snowden alionyesha kwamba serikali iliyokuwa ikiwanunulia watu wa mbali makufuli ndiyo iliyokuwa ikisikiliza simu za dunia. Marehemu alikuwa mtoto wa nyumba hiyo. Waliompokea kwa wasiwasi hawakuwa wajinga, na mimi sitamwita malaika. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi zake nyingi zilikuwa wazi: maandishi ya programu yamewekwa hadharani, mhandisi yeyote anaweza kuyasoma kutafuta mlango wa nyuma.

Huku kwetu alipokelewa kwa namna mbalimbali. Kenya ilijiunga mapema na muungano wa serikali zinazotetea uhuru wa mtandao, na Septemba 2012 mkutano wake ukafanyika Nairobi. Uganda ilikuwa kinyume: Julai 2018 iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, watu wakahamia VPN, na Januari 2021 ikazima intaneti yote kwa siku tano. Tanzania ilifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Septemba 2023 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa jukwaa la uhuru wa intaneti Afrika, linaloandaliwa na shirika la CIPESA la Kampala. Wageni walikuwa hawajamaliza hata kupanga risiti zao, tarehe 13 Oktoba mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikatangaza kwamba kila anayetumia VPN ajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Kanuni za 2020 zilikwishaweka adhabu kwa anayemiliki teknolojia ya kufikia maudhui yaliyokatazwa: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12. Mei 2025 X, iliyokuwa Twitter, ikafungwa. Wanaoandika humo wakiwa nchini tangu hapo, wanajuana.

Kifo kilikuja kwa karatasi. Ijumaa ile ya Machi Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuipunguza hadi mifupa taasisi inayosimamia utangazaji wa serikali ya Marekani kwa nje, na kesho yake Sauti ya Amerika ikanyamaza, Idhaa ya Kiswahili iliyokuwa hewani tangu 1962 ikiwemo. Mfuko ule wa Open Technology Fund nao ukapewa barua ya kusitishiwa fedha. Ukakimbilia mahakamani, barua ikaondolewa, lakini fedha zikawa za kugombaniwa mbele ya jaji. Ruzuku nyingine zilizopitia wizara ya mambo ya nje zilikuwa zimekwama tangu Januari, misaada ya nje iliposimamishwa. Seva haijui mambo ya rufaa. Kodi isipolipwa mwisho wa mwezi, inazimwa.

Kuna wanaosema hata angekuwa hai asingetufaa, na wana hoja. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. VPN ni njia ya kuzunguka kizuizi, na siku ile barabara yenyewe iling'olewa. Mawakala wa fedha mjini walikaa wanatazamana na wateja wao. Hakuna programu ya Toronto wala Washington inayoweza kuvusha meseji kutoka Mgeta ikiwa data zimezimwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu.

Inabaki mirathi. Waluguru hufuata upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi hupita huko, na mjomba ana neno kubwa kuliko baba. Kwa kanuni hiyo, serikali iliyotoa fedha ilikuwa baba tu. Upande wa mama ni wahandisi na watu wa kujitolea walioandika programu zenyewe, na maandishi hayo hayajafa, yako wazi kwa atakayeyachukua. Shida ni kwamba wajomba hawa hawana fedha ya kukodi seva, na huduma nzuri ya kulipia inataka dola kwa mwezi kupitia kadi ya benki, wakati mwanafunzi wa pale SUA ana salio la simu tu.

Kwa hiyo waliowahi kufika kugawana ni watu baki. Fungua duka la programu leo uandike VPN: zinajipanga kwa makumi, zote bure, zote za kasi ya ajabu, hazisemi ni za nani. Mfano wa biashara yao tumeshauona: Onavo, VPN ya bure iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013, ilikuwa ikimpelekea mwenye mali habari za programu ambazo watu wanatumia kwenye simu zao, mpaka ilipofungwa 2019. Mojawapo ya hizi mpya niliiona kwenye simu ya kijana mmoja pale Msamvu. Kabla haijaunganisha iliomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu, kisha meseji, kisha mahali alipo. Akagusa ruhusu, ruhusu, ruhusu, huku anazungumza na konda kuhusu nauli.