Bura na bahari, wapi na wapi?

Ukitaka kufika Bura, mpenzi msomaji, shuka mjini Voi, uiache barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kisha upande matatu ya kuelekea Taveta. Utaupita mkonge wa Mwatate uliopandwa safu kwa safu, na Milima ya Taita itakuwa imesimama upande wako wa kulia. Bura iko hapo, chini ya milima. Misheni yake ya Kikatoliki ilianzishwa mwaka 1892, kabla hata reli ya kutoka Mombasa haijafika Voi.

Mimi nilifika siku moja baada ya mvua kubwa. Mfereji kando ya njia ulikuwa bado unateremsha maji mekundu. Katika shamba moja la mtelemko nilimkuta mzee akirudishia mawe kwenye tuta lililobomoka. Tulipokwisha kuamkiana aliniuliza shughuli zangu, nami nikamwambia kwamba ninaandika habari za wataalamu wanaochunguza viumbe vya baharini. Alicheka sana.

"Mwanangu," akasema, "sisi wa Bura na bahari, wapi na wapi?"

Swali lile sikulisahau. Vijito vya Bura ni vifupi na mvua ikikatika hukauka. Lakini upande wa kaskazini wa milima hiyo hiyo, ndani ya mbuga, Mto Tsavo hukutana na Athi, mto unaotoka nyanda za juu karibu na Nairobi na kupitia Ukambani. Mito hiyo miwili ikishaungana huitwa Galana, na ukikaribia pwani jina hugeuka kuwa Sabaki. Humwaga maji na udongo wake baharini, kaskazini kidogo ya Malindi.

Hapo ndipo wataalamu wanapoingia kazini. Usidhani kazi yao ni kuogelea na kutazama samaki wa rangi. Mpiga mbizi hutandaza utepe wa kupimia juu ya matumbawe, akaufuata polepole, akiandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: hapa tumbawe hai, hapa lililokufa, hapa mwani, hapa mchanga. Mwenzake huhesabu samaki, kila aina peke yake. Kutoka mashuani hushushwa kisahani cheupe kwa kamba. Kina kinapotowekea machoni ndicho kipimo cha uangavu wa maji.

Kwenye maji makuu kazi hutaka meli. Mwaka 1992 meli ya Uholanzi iitwayo Tyro ilichunguza bahari ya Kenya wakati wa kusi, kisha ikarudi mwishoni mwa mwaka. Siku hizi taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi ina meli yake, Mtafiti, iliyotolewa na Ubelgiji. Kwa meli kama hizo huteka maji ya vina mbalimbali na kuchota tope la sakafuni.

Mtaalamu lazima azijue pepo kama nahodha. Wakati wa kusi, maji ya tope ya Sabaki husukumwa kaskazini. Kaskazi ikivuma, hugeuka kusini na kuelekea kwenye matumbawe ya hifadhi ya Malindi, iliyotengwa tangu mwaka 1968. Anayepima msimu mmoja tu atarudi na nusu ya habari. Tena tumbawe lililokufa halisemi limeuawa na nini. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi pwani nzima, hata mbali na mto. Ndiyo maana hulinganisha sehemu kwa sehemu, mwaka kwa mwaka.

Lakini lililonishangaza zaidi ni hili. Katika bahari ya Malindi lipo tumbawe lililoishi kwa takriban miaka 300. Wataalamu walilitoboa, wakatoa kipande kirefu kama mchi na kuhesabu pete zake za kila mwaka, kama za mti. Udongo wa mto hubeba madini ya bariamu, na tumbawe huyahifadhi mwilini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007: kuanzia 1700 hadi 1900 udongo ulikuwa kidogo, baada ya 1900 ukaanza kupanda. Misitu ilipokatwa na mashamba yalipopanuliwa huko bara, tumbawe liliandika yote.

Tope hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga, na samaki wanaoishi humo hukosa makao. Udongo anaoulilia mkulima, kumbe ndio huo huo anaoulilia mvuvi!

Nilipopita tena jioni, mzee alikuwa angali pale, amebakiza mawe machache. Nikamweleza habari za tumbawe lile. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na matuta yakisimama, nalo litaandika?"

Nikamjibu kwamba litaandika. Akainama, akachukua jiwe jingine.

Nawe msomaji, popote ulipo bara, mvua ikinyesha leo hebu tazama rangi ya maji yanayotoka shambani kwako. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni cha udongo.