Mgeni Siku Mbili

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipoingia chuo kikuu mwaka 2010 tulikaa wageni karibu mwaka mzima, wala jembe hatukulishika.

Sababu yake ni hii. Siku ya kuondoka nyumbani baba alitushika mkono, akasema, "Mwanangu, ng'ombe wawili wameuzwa kwa ajili yako. Usifuate makundi, soma tu." Nasi tukalishika neno lake. Tulitoka chumbani kwenda darasani, tukatoka darasani kurudi chumbani. Vyama vya wanafunzi vilikuwapo vingi: vya midahalo, vya kwaya, vya michezo, na vya watu wa mkoa mmoja. Tulivipita vyote kama apitavyo sokoni mtu asiye na fedha.

Basi mwaka ulipokaribia kwisha tulishikwa na homa kali. Mwenzetu wa chumbani alikuwa amekwenda kwao mazikoni. Tulilala siku tatu, wala hapana aliyebisha hodi, kwa kuwa hapana aliyejua jina letu. Siku ya nne alibisha kijana mmoja aliyekosea mlango, naye alikuwa akimtafuta mwimbaji wa sauti ya nne. Yeye ndiye aliyetupeleka zahanati.

Tulipopona tulijiunga na kwaya yake, kisha na chama cha midahalo, ambako tulichaguliwa kuwa katibu. Huko tulijifunza kuandika habari za mkutano, kutunza fedha isiyo yetu, na kupingwa mbele ya watu pasipo kukasirika. Mambo hayo hatukuyapata darasani.

Walakini tusifiche kosa letu la pili. Mwaka uliofuata, jioni mbili za vyama kwa juma zikawa tano. Tukashindwa mtihani mmoja, ikatupasa kuurudia. Tangu hapo tulishika vyama viwili tu, na vitabu vikatangulia.

Wako waliolishika jembe hilo zamani kabla yetu. Julius Nyerere alipokuwa akisomea ualimu Makerere, mwaka 1943, yeye na wenzake walianzisha chama cha Watanganyika waliosoma huko. Hawakuwa wengi, lakini mwaka 1954 kijana huyo wa Makerere alichaguliwa kuwa rais wa TANU.

Sisi hatukufika huko. Tu walimu wa kijijini. Hata hivyo, wazazi wakikutana kwa habari ya paa la darasa, twafungua daftari na kuandika kama tulivyoandika chuoni, na kila shilingi huonekana ilikokwenda.

Baba yetu hakukosa alipoogopa, maana ng'ombe wawili si mchezo. Lakini ninyi wazazi mnaomsindikiza mtoto kituoni, baada ya neno lile mwongezeeni hili: "Soma sana, mwanangu, na siku ya tatu, omba jembe."