Pa Kulala Katikati ya Nairobi

Ukishuka basi River Road jioni, usimfuate kijana anayekunyakulia mzigo akikuahidi chumba cha bei nafuu. Malipo yake yataongezwa kwenye bei yako. Nilipomleta mama hospitalini Kenyatta, kila shilingi ilikuwa imetengewa dawa. Nilipanda ngazi za gesti tatu hapo Accra Road na Latema kabla ya kufungua mkoba. (Vibao vya ‘hoteli’ visikuhadae, nyingi huuza chai na mandazi tu!) Kagua komeo, shuka, na uulize maji ya moto hufunguliwa saa ngapi. Omba chumba cha upande wa nyuma, kwani barabarani makanga hawalali. Mama alipoamka aliuliza kama pesa za dawa zimesalia. Zilikuwapo, hazijaguswa.